Mtoto Anaharisha Ggaba: Shilingi ya Kwanza Iende Wapi?

Mtoto mchanga akianza kuharisha, nunua vitu viwili kabla ya kingine chochote: pakiti za ORS na vidonge vya zinki. Katika maduka mengi ya dawa ya Ggaba na mitaa mingine ya Kampala, pakiti mbili za ORS na karatasi moja ya zinki havipiti shilingi 5,000 za Uganda. Kwa watoto wengi, hayo pamoja na ziwa la mama ndiyo matibabu yote yanayohitajika.

Tatizo ni kwamba fedha nyingi huishia kwingine. Mzazi anaingia dukani na noti ya 10,000 akitafuta kitu cha kufunga tumbo, anatoka na antibiotiki, dawa ya maji ya rangi na chupa ya soda. Mtoto bado anapoteza maji, na mfukoni hakuna kilichobaki cha bodaboda usiku hali ikiharibika.

Kinachoua kwa haraka katika kuhara ni maji na chumvi vinavyotoka mwilini. Ukirudisha hivyo, umeshughulikia hatari yenyewe. Kwa hiyo, ukiacha zinki, kila unachoambiwa ununue, jiulize: kinarudisha maji na chumvi, au la?

Bei zilizomo humu ni makadirio ya kukusaidia kupanga. Hutofautiana kati ya duka na duka, na kati ya mwaloni na barabara kuu ya Ggaba. Uliza bei kabla dawa haijakatwa au kufunguliwa.

Kwanza mpime mtoto, ni bure

Mtoto anayenyonya maziwa ya mama pekee anaweza kutoa choo laini cha manjano mara nyingi kwa siku akiwa mzima kabisa. Huyo hahitaji dawa yoyote. Kuhara ni choo cha majimaji mara tatu au zaidi kwa siku, au choo kilichobadilika ghafla kikawa chepesi na cha mara kwa mara kuliko kawaida yake.

Sasa mtazame. Macho yamezama? Utosi umebonyea? Analia bila machozi? Nepi imekaa kavu kwa saa sita? Bana ngozi ya tumbo lake polepole kwa vidole viwili, kisha iachie. Ngozi ya mtoto mwenye maji ya kutosha hurudi papo hapo. Ikikawia, amepungukiwa maji, na ikichukua zaidi ya sekunde mbili hali ni mbaya sana.

Usikae dukani kulinganisha bei endapo mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amelegea au ni vigumu kumwamsha, ana degedege, au choo chake kina damu. Hali kadhalika kama hajatimiza miezi miwili, kama amekonda sana au miguu imevimba, au kama kuhara kumefikia siku 14. Huyo apelekwe kituo cha afya mara moja, na kama anaweza kumeza apewe ORS kijiko kwa kijiko njiani. Mtoto aliyekonda sana huhitaji mchanganyiko tofauti na uangalizi wa karibu, hivyo usimtibu nyumbani.

Vinywaji vinne, thamani nne

*ORS ya pakiti.* Huuzwa takriban shilingi 500 hadi 1,000, karibu kila duka la dawa kuanzia sokoni Ggaba hadi Bunga na Kansanga. Ni ya unga, hukaa muda mrefu kabatini na haihitaji friji. Hii ndiyo ya kununua.

Kabla hujalipa, soma pakiti. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, kisha angalia inachanganywa na maji kiasi gani: nyingine ni za lita moja, nyingine za nusu lita, nyingine za mililita 200. Pakiti ya bei ndogo inayotengeneza mililita 200 inaweza kuwa ghali kuliko ya bei kubwa inayotengeneza lita nzima. Linganisha bei kwa lita.

Angalia pia tarakimu. Mchanganyiko unaopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, WHO, huandikwa sodiamu 75, glukosi 75, na jumla 245. Ni mwepesi kuliko ule wa zamani wenye jumla ya 311, na ulipolinganishwa nao ulipunguza kwa takriban theluthi moja idadi ya watoto waliolazimika kuwekewa dripu. Ukiuona mpya na wa zamani kwa bei ileile, chukua mpya.

*ORS ya chupa iliyokwisha kuchanganywa.* Hupatikana kwenye supamaketi na famasia kubwa, yenye ladha ya matunda. Lita moja mara nyingi huzidi shilingi 10,000, na ikishafunguliwa haikai. Faida yake ni moja tu: hakuna kukosea kipimo. Kama una maji safi na chupa ya kupimia, hakuna sababu ya kulipa tofauti hiyo.

*Maji ya sukari na chumvi ya nyumbani.* Vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa, katika lita moja ya maji safi. Gharama yake ni ndogo na vitu vyote vipo jikoni. Lakini hayana potasiamu, ambayo mtoto anaipoteza kwenye choo, na chumvi ikizidi inaweza kumdhuru vibaya. Yatumie usiku duka likiwa limefungwa, kisha asubuhi kanunue pakiti.

*Soda, juisi, unga wa glukosi na vinywaji vya wanamichezo.* Usivinunue kwa kazi hii. Sukari yake ni nyingi na chumvi ni kidogo. Sukari ikizidi ndani ya utumbo huvuta maji kutoka mwilini, na kuhara huongezeka. Unga wa glukosi ndio unaowadanganya wengi, kwa kuwa hukaa rafu moja na dawa na jina lake linasikika kama tiba. Ukiukoroga kwenye maji peke yake, umempa mtoto sukari bila chumvi.

Kama mtoto ameshavuka miezi sita na anakula, uji mwepesi na maji ya wali yenye chumvi kidogo husaidia kati ya vikombe vya ORS. Ziwa la mama lisikatizwe hata saa moja. Maziwa ya kopo, kwa anayeyatumia, yasizimuliwe kwa maji mengi zaidi ili yadumu, kwa kuwa mtoto anahitaji nguvu wakati huu kuliko siku nyingine.

Usiidharau pakiti kwa sababu ni ya bei ndogo

Wazazi wengi huamini dripu ndiyo dawa yenyewe na ORS ni ya wasio na uwezo. Historia inasema vingine. Mwaka 1971, wakati wa vita vya ukombozi wa Bangladesh, wakimbizi walijazana Bangaon nchini India na kipindupindu kikawavamia. Dripu ziliisha. Daktari Dilip Mahalanabis na wenzake wakaamua kutumia chumvi na glukosi zilizopimwa na kufungwa kwenye mifuko ya plastiki, zikakorogwa kwenye maji, na ndugu za wagonjwa wakawanywesha. Vifo vilivyokuwa karibu 30 katika kila wagonjwa 100 vilishuka hadi chini ya 4.

Kile kilichofanya kazi katika kambi ile, kwa wagonjwa waliokuwa mahututi kuliko watoto wengi wa hapa, ndicho kilichomo ndani ya pakiti ya shilingi 1,000, tena kikiwa kimeboreshwa.

Gharama zilizojificha ndani ya lita moja

Pakiti ni ya bei ndogo, lakini haikamiliki bila maji, moto na chombo cha kupimia. Hapo ndipo wengi hukosea au hutumia zaidi ya walivyopanga.

Mitambo mikubwa inayosukuma maji kwenda Kampala ipo hapahapa Ggaba, ikivuta kutoka ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria. Ila kuwa jirani na mitambo hakumaanishi kuwa na bomba nyumbani. Nyumba nyingi za kupanga hununua maji kwa jerikeni ya lita 20, na bei ya jerikeni iliyoletwa mlangoni inaweza kuwa mara kadhaa ya bei ya bombani. Kwa ORS unahitaji lita moja, hivyo tembea na chupa hadi bomba la umma badala ya kulipia jerikeni nzima ya mbebaji.

Usichote ziwani kwa ajili ya mtoto, hata maji yakionekana maangavu. Mfereji wa Nakivubo hubeba maji machafu ya katikati ya jiji hadi ghuba hiyohiyo. Mitambo husafisha na kutia klorini kabla ya kuyasambaza, lakini ndoo yako haina mitambo. Ziwa lilipofurika mwaka 2020 maji yaliingia hadi mwaloni, na mafuriko ya namna hiyo huzoa vyoo na takataka yakavirudisha ziwani.

Kwa kuchemsha, makaa ndiyo gharama. Chemsha lita ya ORS pamoja na maji ya kunywa ya siku nzima kwenye sigiri moja baada ya kupika, uutumie moto uliokwisha kulipiwa. Yakishatokota vizuri kwa dakika moja yanatosha, huna haja ya kuunguza makaa nusu saa. Yaache yapoe kabisa ndipo utie unga. Usichemshe ORS iliyokwisha kuchanganywa.

Vidonge vya klorini ni nafuu kuliko makaa kwa maji mengi. Kidonge cha miligramu 67 husafisha lita 20 za maji maangavu kwa nusu saa. Kama huna fedha ya vyote viwili, jaza maji maangavu kwenye chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, ilaze juani saa sita za jua kali. Njia hii haigharimu kitu, ila siku ya mawingu haitoshi.

Kipimo nacho kina bei. Ukikadiria kwa jagi, ORS huwa nzito au nyepesi kupita kiasi. Ikiwa nyepesi inapoteza kazi, ikiwa nzito inaweza kumdhuru mtoto. Usinunue chombo maalumu: chupa mbili tupu za maji ya nusu lita ni lita moja kamili. Zioshe, jaza mbili, mwaga kwenye chombo kimoja safi, tia pakiti nzima ya lita moja. Usiigawe pakiti nusu leo na nusu kesho.

ORS iliyochanganywa ikifikisha saa 24 imwage, hata ikibaki nusu. Ndiyo maana ununue angalau pakiti mbili.

Kiasi gani kinatosha

Mtoto wa chini ya miaka miwili ambaye bado hajapungukiwa maji apewe mililita 50 hadi 100 baada ya kila choo cha majimaji, yaani robo hadi nusu ya kikombe kidogo. Akiharisha mara nane kwa siku, lita moja inatosha.

Aliyekwisha kupungukiwa maji kiasi, mwenye macho yaliyozama na kiu kali, huhitaji mililita 75 kwa kila kilo ya uzito wake ndani ya saa nne. Mtoto wa kilo 8 ni mililita 600. Huyu ni afadhali anyweshwe kituoni, chini ya macho ya muuguzi, kisha apimwe tena baada ya saa hizo nne.

Mpe kwa kikombe na kijiko, kijiko kimoja kila dakika moja au mbili. Chupa ya kunyonyea ni gharama mbili: utainunua, kisha utatumia makaa kuichemsha kila mara, na isipochemshwa inarudisha ugonjwa. Akitapika, subiri dakika kumi halafu endelea taratibu zaidi. Kutapika mara moja hakumaanishi ORS imekataa.

Zinki: ununue vidonge au dawa ya maji?

Zinki hufupisha kuhara na hupunguza uwezekano wa kurudi katika miezi miwili au mitatu inayofuata. WHO na UNICEF waliipendekeza pamoja na ORS mwaka 2004. Kipimo kilichozoeleka ni miligramu 20 kwa siku kwa mtoto wa miezi sita na zaidi, na miligramu 10, yaani nusu ya kidonge, kwa aliye chini ya hapo. Hutolewa siku 10 hadi 14.

Nunua vidonge vinavyoyeyuka. Karatasi ya vidonge kumi huwa takriban shilingi 1,000 hadi 3,000, na kidonge huyeyuka kwenye kijiko cha maziwa ya mama au maji safi. Zinki ya maji kwenye chupa ni ghali zaidi, huhitaji kipimo sahihi kila siku na chupa ikivunjika umepoteza yote.

Hasara kubwa ya zinki ni kuiacha katikati. Kuhara kukikoma siku ya tatu, wengi huweka vidonge pembeni, na kinga waliyokwisha kuilipia inapotea. Maliza siku zote 10.

Wengine huiacha kwa sababu mtoto anaitapika. Akitapika ndani ya nusu saa, mpe tena taratibu. Ikiendelea, mwulize musawo, yaani mhudumu wa afya, kuhusu kipimo kidogo. Utafiti mkubwa uliofanywa India na Tanzania, ukachapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba miligramu 5 au 10 zilifanya kazi karibu sawa na 20, huku watoto waliotapika wakiwa wachache zaidi.

Ukiikuta pakiti ya pamoja, yenye ORS na zinki ndani, linganisha bei yake na ya vitu viwili vikinunuliwa kimoja kimoja. WHO iliingiza pakiti ya namna hiyo kwenye orodha ya dawa muhimu za watoto mwaka 2019. Kama tofauti ni shilingi mia chache, ichukue, kwani hutasahau zinki.

Vya kuacha rafuni

*Antibiotiki.* Kuhara kwingi kwa watoto wachanga husababishwa na virusi, na antibiotiki haziui virusi. Metronidazoli huuzwa mara nyingi, vidonge vichache kwenye karatasi iliyokunjwa. Choo chenye damu au kipindupindu vinaweza kuhitaji antibiotiki, lakini ichaguliwe na aliyempima mtoto.

*Dawa za kufunga tumbo.* Loperamidi haipewi mtoto mchanga. Inaweza kusimamisha utumbo na kumlaza usingizi wa hatari huku maji yakiendelea kujikusanya ndani ya tumbo. Zile dawa za maji za mfano wa chokaa hufanya choo kionekane kizito tu, na maji yanayopotea hayapungui.

*Kung'oa meno ya plastiki.* Nchini Uganda wengi huyaita *ebinyo*. Mtoto akiharisha na kupata homa huambiwa ana meno mabaya chini ya fizi, na mtu huyachimbua kwa spoku ya baiskeli au kisu. Kinachotolewa ni chipukizi cha jino la kweli. Unalipa, mtoto anavuja damu, anaweza kupata maambukizi ya damu, na kuhara kunabaki palepale. Hakuna bei ya huduma hii iliyo nafuu. Bibi au jirani akishauri hivyo, mjibu kwa heshima: "Jjajja, asante, lakini tumpe kwanza maji haya."

Pa kununua na pa kutibiwa

*Kituo cha serikali.* Ada za wagonjwa zilifutwa katika vituo vya serikali vya Uganda mwaka 2001. Kumwona mhudumu, ORS na zinki ni bure zikiwapo. Kwa wakazi wa Ggaba, kituo cha afya cha Kisugu, kilicho chini ya mamlaka ya jiji, KCCA, kinafikika kwa taxi ya barabara ya Ggaba. Gharama iliyofichika ni nauli, daftari la kuandikiwa, na nusu siku ya biashara. Dawa zikiwa zimeisha utaandikiwa karatasi ukanunue nje. Nenda asubuhi, ukiwa tayari umeanza kumpa ORS nyumbani, ili foleni isimkaushe.

*Mhudumu wa afya wa mtaa, VHT.* Mwulize mwenyekiti wa baraza la mtaa, LC, wa zoni yako ni nani. Pengine ana ORS na zinki za bure, na akikosa anajua kituo chenye dawa wiki hiyo. Utafiti uliofanywa Uganda na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba wahudumu wa aina hii walipozipeleka ORS na zinki nyumbani bure, hata kabla mtoto hajaugua, familia nyingi zaidi zilizitumia. Somo kwa mnunuzi ni kuwa nazo kabatini mapema.

*Duka la dawa.* Liko karibu na foleni ni fupi, ingawa usiku hufungwa. Liwe na cheti cha mamlaka ya dawa, NDA, ukutani. Udhaifu wake ni kwamba muuzaji hupata faida zaidi kwenye antibiotiki kuliko kwenye pakiti ya 500. Ingia na maneno yaliyo tayari: "Musawo, nataka ORS mbili za lita moja na zinki karatasi moja. Hivyo tu."

*Kliniki binafsi.* Ni ya haraka, na kama mtoto ana homa, kipimo cha malaria kinafaa kulipiwa, kwani malaria na kuhara vinaweza kuja pamoja. Lakini ada ya kumwona daktari ni mwanzo tu. Uliza kabla ya kukaa: kadi ni bei gani, kipimo cha choo ni cha lazima, kanula, glavu na plasta vinalipiwa kando, kitanda kinahesabiwa kwa saa au kwa siku? Kwa kuhara kwa maji kusiko na damu, kipimo cha choo mara nyingi hakibadilishi matibabu. Una haki ya kuuliza, "Kipimo hiki kitabadilisha dawa gani?"

*Hospitali.* Si kila hospitali kubwa ina wodi ya watoto inayopokea usiku. Uliza leo, mtoto akiwa mzima, ni ipi inayowalaza na bodaboda au gari ni kiasi gani saa nane usiku. Hospitali ya Nsambya ni ya misheni na hutoza ada. Ulizia kiasi wanachotaka mbele kabla ya kumlaza mtoto.

Dripu inapostahili bei yake

Mtoto aliyelegea, asiyeweza kunywa, ambaye ngozi yake hurudi polepole sana, anahitaji dripu sasa hivi. Hapo usibane hata shilingi. Uza, kopa, piga simu kwa ndugu, lakini mtoto afike.

Mtoto anayekunywa na kukutazama hahitaji dripu. Ukimlipia umenunua sindano, maumivu na kitanda, kwa maji ambayo kijiko kingeyafikisha tumboni.

Kipimo cha dripu katika upungufu mkali ni mililita 100 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 8 ni mililita 800, yaani chini ya chupa mbili za nusu lita. Kama bili ina chupa tano, omba maelezo. Uliza pia ni maji gani: Ringer ndiyo bora, saline ya kawaida inakubalika, lakini dripu ya glukosi tupu hairudishi chumvi aliyoipoteza. Mara tu anapoweza kumeza, ORS ianze hata dripu ikiwa bado inaendelea.

Panga kwa mfuko ulio nao

*Una shilingi 5,000.* Pakiti mbili za lita moja za ORS na karatasi moja ya zinki. Maji ya bombani yaliyochemshwa. Usiongeze kitu.

*Una shilingi 20,000.* Hayo hayo, kisha kipande cha sabuni, vidonge vya klorini, na kipimo cha malaria kama kuna homa. Kinachobaki weka kwenye simu kwa ajili ya nauli ya usiku. Hiyo akiba ya nauli ina thamani kuliko dawa yoyote ya ziada dukani.

*Una shilingi 50,000.* Usibadilishe orodha. Nyongeza iwe akiba ya hospitali na chakula. Mtoto wa zaidi ya miezi sita aendelee kula wakati anaumwa, na akipona aongezewe mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili. Mukene, yaani dagaa, ya sokoni Ggaba, iliyosagwa ikatiwa kwenye uji au ndizi iliyopondwa, humrudishia mwili kwa fedha kidogo kuliko unga wa lishe wa kopo.

Na kama mtoto wako bado mzima, kuna kitu kisicho na bei. Chanjo ya virusi vya rota, chanzo kikubwa cha kuhara kukali kwa wachanga, ilianza kutolewa Uganda nzima Juni 2018. Ni bure katika vituo vya serikali, na ya kwanza hutolewa mtoto akifikisha wiki sita. Beba kadi yake mkaulize kama zote zimekamilika. Huchelewi kuuliza wiki hii, lakini chanjo hii ina umri wake, na ukipita huenda mtoto asipewe tena.

Leo, kabla duka halijafungwa, nunua pakiti mbili na zinki uziweke mahali pakavu, juu, mbali na mikono ya watoto. Mweleze anayebaki na mtoto ukiwa sokoni zilipo na namna ya kuzichanganya. Kuhara huanza saa yoyote, na pakiti iliyo ndani ya nyumba haidai nauli.